Zuura Toktosunova na Karakana Iliyopanda Malishoni

Tarehe 30 Mei 2025, Zuura Toktosunova anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Useremala ya Chuo cha Ufundi cha Ak-Terek kwa karibu miaka thelathini na saba. Aliingia langoni kwetu vuli ya mwaka 1988, msichana wa miaka ishirini na miwili, kwapani ameshika sanduku la patasi alilopewa na mjomba wake. Mlinzi alidhani amekuja kumletea mtu chakula. Alikuwa mwanamke pekee katika idara ile, na alibaki hivyo kwa muda mrefu, mpaka wasichana aliowafundisha mwenyewe walipoanza kurudi kama walimu.

Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa nimefundisha kuchomelea vyuma katika chumba kilicho jirani na chake kwa miaka ishirini, na ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba. Nimemsikia akiimba, akigombeza, na akinyamaza. Waliokaa naye karibu wanajua kwamba akinyamaza ndipo kuna jambo linakuja.

Hakuwa na miaka mingi kazini Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, na chuo nacho kikavunjika kwa namna yake. Umeme ukawa wa kubahatisha. Mashine zilipakiwa kwenye malori zikauzwa kama vyuma chakavu, na walimu wengi wakaenda sokoni kuuza nguo. Zuura alibaki na wanafunzi wachache katika chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa nailoni. Mabati ya paa yalipong'olewa, alihamishia somo uani. Mvua iliponyesha, alilihamishia kwenye zizi la mama mkwe wake, kati ya kondoo na nyasi kavu, na wanafunzi wakaendelea kukata viungo vya mbao huku mvuke wa pumzi za wanyama ukiwazunguka. Husema ni pale zizini alipoanza kuona, kama mtu anayeona kitu usingizini, karakana isiyo na kuta.

Wazo hilo lilikaa kichwani mwake miaka mingi bila kupata umbo. Lililolisukuma likatoka ni mambo ya nyumbani kwake. Mdogo wake wa kiume, Ernis, alikwenda Urusi kubeba zege bila ufundi wowote mkononi, akarudi mgongo umeharibika. Mchana mmoja waliketi wakinywa chai, Ernis akamwambia, "Eje, ningejua kazi yoyote, nisingeondoka." Huku kwetu eje ni dada mkubwa, na maneno hayo yalimwingia Zuura kama msumari. Mdogo wake hakuwa mvivu. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka, familia yao ilipanda na mifugo kwenye malisho ya juu, na kuteremka tena shule zikiwa zimeshaanza. Karakana yetu ilikuwa huku chini, imefungwa kwa kufuli, wakati vijana wote wako kule juu.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu akaniuliza kama jiko la kufulia chuma ni zito kwa farasi. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Sikukuuliza hivyo, Kubat. Nimekuuliza kama ni zito."

Karakana ya kwanza ilikuwa nzito kweli. Alitengeneza meza ya useremala kwa mbao nene, akaongeza jiliwa la chuma la kubania mbao, fuawe ya kupondea chuma, na kila kitu alichoogopa kukikosa. Tukapakia yote kwenye trela ya magurudumu mawili. Kwenye mwinuko wa kwanza farasi alisimama, akageuza shingo, akatutazama. Ernis, aliyeshika hatamu, akasema, "Eje, farasi anauliza kama na sisi tunateremka au anatubeba pia." Tulirudi nyumbani tukicheka, isipokuwa Zuura.

Ya pili ilikuwa nyepesi mno. Miguu yake ilikunjwa na bawaba zake zilikuwa nzuri kuzitazama, lakini ukipitisha randa mara mbili meza inakuacha. Mwanafunzi wake Aizirek, ambaye leo ni mwalimu mwenzetu, aliikimbilia nyasini akiwa bado ameshika randa. "Mwalimu," alisema, "ubao umetulia. Ni meza ndiyo inayokwenda kunywa maji." Tulikuwa tumeshafika malishoni, watu wamekusanyika kutazama. Mzee Sharshenbek, mwenye hema la kwanza kandokando ya mto, aliiita karakana yetu sanduku la michezo, kama la watoto. Jina hilo likaenea bonde zima kabla hatujamaliza kukunja vitu.

Mchana huo upepo ukaja. Tulikaribishwa katika hema la familia moja, na mama wa nyumba akafunga jiwe kwenye kamba inayoning'inia kutoka juu ya paa, kama wote tunavyofanya upepo ukiwa mkali, ili hema lisinyanyuke. Zuura alikuwa amelala chali kwenye zulia akiliangalia jiwe lile likizunguka taratibu. Alilitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na dari, "Kwa nini tunabeba uzito kuuleta mlimani? Uzito umejaa huku."

Hapo ndipo karakana yetu ilipozaliwa. Chini ya meza kuna masanduku matupu. Ukifika, unayajaza mawe ya mtoni, na meza haitikisiki hata ukiipiga nyundo ya watu wawili. Ukiondoka, unamwaga mawe na kukunja. Masanduku mawili makubwa hufunguka kama kitabu, na ndani yake misumeno, patasi, tupa na koleo zimening'inia kila moja mahali pake. Badala ya kuta kuna fito za kukunja na kukunjua, kama za mahema yetu. Jiko la kufulia chuma limetengenezwa kwa ngoma ya breki ya lori, na upepo wake unatoka kwenye feni ya gari kuukuu inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Fuawe ni kipande cha reli. Juu ya yote kuna turubai, na asubuhi jua likipita ndani yake, vumbi la mbao huelea hewani kama unga wa dhahabu. Nimeona watu wazima wakiingia pale na kuanza kunong'ona bila kujua kwa nini.

Sharti lake kubwa lilikuwa moja: kisiwemo kitu ambacho mwanafunzi hawezi kukitengeneza mwenyewe kwa zana zilizomo humo humo. Kijiji kikitaka karakana, hakipewi. Kinafundishwa kuijenga.

Lazima niseme pia habari ya gundi, maana nisipoisema wenzangu hawatanisamehe. Gundi ya ngozi hupashwa moto, na Zuura aliipasha katika birika. Mkurugenzi wetu wa wakati huo alipanda mlimani kutukagua, akaona birika linatoa moshi, akajimiminia bakuli akidhani ni chai. Hakuna aliyewahi kumkatiza mkurugenzi. Alikunywa funda moja, akabandua midomo kwa vidole, halafu akasema, "Chai yenu ni nzito." Karakana ilipitishwa siku hiyo hiyo. Zuura husema ni kwa sababu hakuweza kufungua mdomo kukataa.

Lakini siku inayokumbukwa zaidi kule juu ni nyingine. Mwezi Juni mwaka mmoja theluji ilianguka bila kutarajiwa, nzito na yenye maji, ikifuatana na upepo. Kulipopambazuka hema la Mzee Sharshenbek lilikuwa limebonyea katikati. Tunduk ilikuwa imepasuka, lile duara la mbao lililo kileleni mwa hema, linaloshika fito zote za paa na kupitisha moshi na mwanga. Baba yake ndiye aliyelitengeneza. Mzee aliketi juu ya tandiko lililolowa akamwambia mkewe, Apa Kenje, tunayemwita apa yaani mama, afunge mizigo. Angeuza mifugo, waende mjini wakakae na binti yao katika ghorofa ya nne.

Apa Kenje hakufunga mizigo. Alivuka mto kwa miguu mpaka kwenye turubai letu. "Binti yangu," alimwambia Zuura, "yule akiteremka safari hii hatapanda tena. Namjua. Atakaa dirishani mpaka afe."

Zuura alikwenda na fito za mwerebi, mti unaopindika kwa urahisi, zilizokuwa zikilowekwa kwa ajili ya somo. Mzee alimwona akasema, "Nitengenezee. Nitakupa kondoo mwenye mimba."

"Sitakutengenezea, mzee wangu," Zuura alijibu. "Utatengeneza mwenyewe. Mimi nitasimama hapa."

"Mikono hii inajua kondoo tu."

"Na mimi nilipoanza, yangu ilijua vyungu tu."

Tulihamisha karakana nzima ng'ambo ya mto, tukajaza masanduku mawe yaliyokuwa bado na theluji. Wanafunzi waliwasha moto wa samadi kavu chini ya pipa la maji, na fito zikaingizwa kwenye bomba la mabati lenye mvuke mpaka zilainike. Aizirek alifua vibanio vya chuma vya kushikilia viungo. Mzee alivaa glavu, akatoa ufito wa kwanza, akaanza kuupinda kuzunguka vigingi. Ulipofika nusu ulikatika kwa sauti iliyofanya farasi wanyanyue vichwa.

Mzee akavua glavu akazitupa. Aliondoka, akaanza kumfunga farasi wake tandiko. Zuura hakumfuata. Nilijua linamuuma, maana sharti lile lilikuwa lake, na sasa lilikuwa linawafukuza watu hawa wawili kutoka mahali pao. Nilitaka kuushika ufito nimalizie mimi. Alinizuia kwa macho.

Ni Apa Kenje aliyeokota zile glavu. "Nimelala chini ya duara lile tangu nilipoletwa hapa bibi harusi," alisema. "Nionyeshe mimi." Akatoa ufito wa pili kwenye mvuke.

Mzee akageuka. "Kenje, utajiunguza."

"Basi njoo ushike upande wa pili."

Akaja. Walizunguka vigingi wakitazamana, yeye akirudi nyuma hatua kwa hatua, mkewe akimfuata, ufito umepindika kati yao na mvuke ukipanda katika hewa baridi mpaka hatukuwaona vizuri. Ilikuwa kama tunatazama harusi ya zamani kupitia pazia. Ulipokutana ncha kwa ncha, Zuura alisogea mara moja tu, akafunga kamba, akarudi aliposimama.

Alasiri ya siku iliyofuata Mzee Sharshenbek aliinua tunduk yake kwa mti wenye panda, na wakwe zake waliotoka mahema ya jirani wakachomeka fito za paa moja baada ya nyingine. Tuliingia sote tukalala chali. Juu kulikuwa na mviringo wa anga, safi, na wingu dogo likipita bila haraka. Mzee alilitazama duara lake kwa muda mrefu.

"Limeenda upande kidogo," alisema.

"Limeenda," Zuura alikubali. "Ni lako."

Hawakuteremka mjini. Mzee alipanda malishoni kila mwaka mpaka alipofariki, na alikuwa mkali kwa wanafunzi wetu kuliko mwalimu yeyote, hasa kuhusu mvuke. Jina la sanduku la michezo aliliendeleza yeye mwenyewe, kwa upendo. Leo mabonde mengi yana karakana zao, na hakuna mbili zinazofanana, maana kila mahali watu wametumia walichokuwa nacho. Ya kijiji cha Zuura inaendeshwa na Ernis. Hawezi kuinama, kwa hiyo alijenga meza inayomfika kifuani, naye ndiye mnoaji wa misumeno anayetafutwa na watu wa mbali.

Idara iliamua kumpa Zuura zawadi ya randa mpya. Alishukuru, akasema randa hiyo aachiwe Aizirek. Nilipomuuliza atafanya nini kuanzia Juni, alinyamaza kwa ule unyamavu wake, kisha akaniambia kwamba ameishi maisha yake yote mwendo wa saa chache kutoka Ziwa Issyk-Kul na hajui kuogelea. Mjukuu wake atamfundisha. "Nataka kuwa mwanafunzi tena, Kubat," alisema. "Nataka na mimi mtu anishike mkono majini, kisha auachie."

Zuura eje, kwa niaba ya walimu, wanafunzi na familia zote za malishoni, tunakushukuru. Tunakutakia afya, siku ndefu, na maji yaliyotulia. Yanasemekana kuwa ya baridi mwanzoni. Ingia polepole, na mjukuu akiuachia mkono, usitazame nyuma kututafuta. Tuko ufukweni, tunakupungia.

Kubat, Idara ya Uchomeleaji