Maiti Mwenye Usukani

Benchi la Mkasi limeegemea ukuta wa kibanda chake cha kunyolea, mahali jua la asubuhi linapofika mapema kuliko wateja. Miguu yake mitatu ni ya mbao na mmoja ni wa matofali, na anayekaa upande wa matofali hatakiwi kucheka kwa nguvu. Jumamosi hiyo alikaa upande huo Tairi, dereva wa malori aliyestaafu, mtu aliyevuka mipaka isiyohesabika akarudi na kitambi na maneno tu, na ajabu ni kwamba benchi lilitulia tuli. Tairi hakucheka. Alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama mtu aliyeopolewa mtoni. Kulia kwake alikuwa Mkasi mwenyewe, taulo begani, akimngojea mteja. Kushoto alikuwa Bima, ambaye amezeeka akiuza bima ya maisha, na kwa hiyo hawezi kumtazama mtu mzima bila kumwona marehemu.

— Una nini wewe? aliuliza Mkasi. Tangu ufike hujamtania mtu.

— Nimetazama filamu.

— Filamu gani ya kukufunga mdomo wewe?

— Ya mapenzi.

Bima akaguna kwa dharau.

— Usigune. Kijana anakufa mwanzoni kabisa, hata chai yangu haijapoa. Ajali ya gari. Wanamzika. Msichana wake anakwenda na koleo, anamfukua.

— Anamfukua!

— Anamfukua, anamkung'uta udongo, kijana anafumbua macho. Wanaingia kwenye gari, hao, safari. Na nani kashika usukani?

— Msichana.

— Maiti!

Mkasi akaweka kikombe chini.

— Maiti ana leseni?

— Ndilo nililouliza mimi! Mimi nimesimamishwa maisha yangu yote kwa taa moja ya nyuma. Yule anakatiza nchi nzima, macho meupe pee, na hakuna askari hata mmoja wa kumpungia mkono!

— Basi ni filamu ya kuchekesha, alisema Bima.

— Ngoja. Kila wakisimama, kijana anakula mtu. Wakitia mafuta, anamla wa mafuta. Wakilala nyumba ya wageni, asubuhi mhudumu haonekani.

— Lo! Na msichana yuko wapi?

— Pembeni. Akimaliza, anampangusa mdomo. Kwa leso, taratibu, kama unavyompangusa mtoto uji. Halafu wanaondoka wanaimba.

Mwanamke mmoja alipita na ndoo kichwani, akawasalimu, na hakuna aliyeitikia.

— Hebu niambie, Mkasi alisema kwa sauti ya chini. Uchafu huo ulitazama na nani?

Hapo ndipo Tairi alipotaka kufika na hapo ndipo alipoogopa kufika.

— Na binti yangu. Ndiye aliyeileta.

Wanamjua. Binti wa pekee, mpima ardhi, anayeshinda juani akichungulia kwenye mtambo wake wa miguu mitatu. Tangu mama yake afariki, nyumba ile imebaki na watu wawili wanaogombania rimoti.

— Pale pa kupangusana mdomo mimi nilikuwa nimesharukia nyuma ya kochi. Yeye machozi yanamtoka. Akaniambia, "Baba, umeona anavyompenda? Wengine wote wamemkimbia." Halafu, hata sijatoka huko nyuma ya kochi, akasema, "Kesho mchana naleta mgeni. Nataka umwone." Leo alfajiri kaondoka kwenda kumchukua.

Bima akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeona hati zote.

— Rafiki yangu, hiyo si filamu. Huyo ni mshenga.

— Mshenga!

— Katumwa atangulie. Mtoto kakuandaa ili ukimwona mtu wake usianguke. Mgeni ni mgonjwa huyo. Hayuko mbali na safari.

— Mgonjwa gani anaendesha gari? alipinga Mkasi. Mimi nasema anafanya kazi mochwari. Ndiyo maana ya koleo.

— Koleo la mochwari? Mochwari wanachimba?

— Basi makaburini!

— Tulieni. Mimi niliwahi kukamilisha madai ya marehemu mmoja, mjane kalia mbele yangu mpaka nikalia naye. Wiki chache baadaye nikamkuta marehemu sokoni anajaribu viatu. Wapo watu hao! Huyo mgeni wako kashazikwa mahali, amini usiamini, ana mke wa kwanza na matanga yake.

Jasho jembamba likamtoka Tairi kwenye masharubu. Alikuwa na jambo jingine, na alilitoa kama mtu anayetema kokoto.

— Akiondoka kaniambia nisihangaike kupika nyama. Mgeni hali nyama.

Bima akainua kidole.

— Ya buchani, alisema Bima. Hali nyama ya buchani.

— Mungu wangu, Mkasi akasema, akajishika shingo.

— Mzuie, Tairi. Mzuie sasa hivi, kabla hajajua nyumba.

Tairi akatoa simu. Vidole vyake vilivyozoea gia havikuwahi kupatana na herufi, akaandika kwa kimoja, ulimi nje: Mgeni asije. Bima akachungulia, akamshauri aongeze "leo wala siku nyingine." Akaongeza. Akatuma. Kisha wakakaa wakiitazama simu pale benchini kama chungu kinachotaka kuchemka, na hakuna jibu lililokuja.

Mlango wa pili lilikuwa limefunguliwa duka la dawa jipya juzi tu, na mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa akifuta kioo chake muda wote huo. Akasogea na kikombe chake.

— Samahani wazee wangu, mmebakiza kahawa? Halafu huyo mgeni anaitwa nani?

Mkasi alimtazama Bima. Bima alimtazama Tairi. Tairi alitazama barabara.

— Anaitwa… mgeni.

— Binti yako amekuambia tangu jana, na hukumuuliza jina?

— Mama, nilikuwa bado nashtuka.

Mama wa dawa akachukua birika. Alimimina kahawa, ikatoka nusu kikombe na machicha. Na Tairi, aliyekuwa na neno kwa kila mtu kila mahali, alijiona mjinga mpaka masikio yakawaka. Akapiga simu.

Iliita sana. Ilipopokewa, kabla ya sauti ya mtu alisikia injini ikinguruma bila kwenda na taa ya ishara ikigonga, tik, tik. Dereva hahitaji kuelezwa. Gari limesimama kando ya barabara.

— Baba. Sauti ya binti ilikuwa nzito. Tumesoma ujumbe wako. Ndiyo tunageuza, nakwenda kumrudisha.

— Anaitwa nani?

— Unasema?

— Huyo mgeni. Anaitwa nani?

Akamtajia. Tairi akalirudia jina lile kwa sauti, polepole, na wale wawili benchini wakainama kulisikiliza.

— Kwao nani na nani?

— Hana watu, baba. Kalelewa huku na huku. Ndiyo maana nilitaka uitazame ile filamu. Nilidhani ukimwona yule ambaye kila nyumba inamfungia mlango, utaelewa.

— Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia meno.

Kwikwi ikasikika, kisha kitu kama kicheko kilichokosea njia. Nyuma yake sauti ya kiume ikasema kwa woga, "Shikamoo, baba." Tairi akajikohoza.

— Marahaba. Ni wewe unayeendesha? Basi usigeuze hapo, tafuta mahali peupe. Mkija, ile kona ya ghala punguza mwendo. Lami imemomonyoka, na malori ya kutoka juu huwa hayapigi honi. Umenisikia?

Alikata simu, akainuka, akaanza kujipangusa suruali.

— Anakuja? aliuliza Mkasi, hajaamini.

— Anakuja. Nakwenda kuoga, nanuka hofu.

— Na akikuuma je? Bima akamlilia. Tairi! Akikuuma?

— Basi atakuwa amemuuma baba mkwe wake. Hayo yatakuwa mambo ya nyumbani.