Daftari Halijibu

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini masikio hayana mlango. Mbele yake mwalimu mstaafu alikuwa akimshauri mzee mwenzake, fundi viatu, aliyejuana naye kwa dakika kumi tu. "Kila jioni, ndugu yangu, naandika mambo matatu mema ya siku hiyo. Moyo unapata nafuu."

"Na siku ikiwa tupu?"

"Naandika hata kwamba chai ilikuwa ya moto."

Fundi akashusha pumzi. "Hayo nilikuwa namsimulia marehemu mke wangu, miaka arobaini. Daftari halijibu, mwalimu."

Treni ikasimama. Fundi akajiinua taratibu, akaaga. Mwalimu akamshika mkono, asiuachie. "Na mimi naishi peke yangu," akasema.