Mji Ambao Kazi Yake ni Kupumzika

Benchi la Base Camp, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, lilikuwa la kanisa. Likavunjika mguu, likatolewa nje, likawekewa jiwe, na tangu hapo limebeba uongo mwingi kuliko lilivyowahi kubeba sala. Liko kati ya kinyozi na kinu cha unga. Kinu kikinguruma watu wa benchi hupaza sauti, na kikizimwa husahau kuishusha, kwa hiyo siri za kambi nzima huanzia hapo. Mama Pulchérie huwauzia kahawa ya tangawizi. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni Pontien, Mrundi mwenzake, aitwaye Ambasada kwa sababu ameomba kwenda karibu kila nchi na hakuna iliyomtaka. Wa pili ni Kizito, mwalimu wa zamani kutoka Uvira, Kongo, aitwaye Diplome, ingawa hiyo diploma yenyewe hakuna aliyeiona. Wa tatu ni Tumwesigye, mfugaji Mganda wa Endiinzi hapo jirani, mwanajeshi mstaafu, ambaye hata mbwa wa sokoni wanamjua kwa jina la Afande. Siku hiyo alikaa nao Anselme, muuza nyanya, na ndiye aliyekuwa na shida.

Shida yake wengine wangeiita bahati. Familia yake ilikuwa imekubaliwa kwenda Ufaransa, katika mji mdogo wa pwani uitwao Sainte-Odile, na kesho yake alitakiwa afike ofisini Mbarara kusema ndiyo au hapana. Mkewe Gisèle, mama wa Yvette, alikuwa ameshikilia hapana. Usiku walipokimbia vita wakivuka Ziwa Tanganyika, mtumbwi ulijaa watu kupita kiasi, na mama yake Gisèle hakufika ng'ambo. Walipopewa kiwanja hapa, Anselme alibembeleza mpaka akapata upande wa kilima ambako ziwa la Nakivale halionekani, na mambo ya maji yakaishia hapo, au ndivyo alivyodhani. Sasa alikuwa amekuja benchini kuokota maneno mazuri juu ya Sainte-Odile, ayapeleke nyumbani kabla ya usiku.

Maneno mazuri hayakuwa haba. Hapa mtu akisafiri huwagawia wenzake vyombo vyake, na hawa watatu walikwisha kugawana vya Anselme kwa mdomo: baiskeli kwa Ambasada, viti vya plastiki kwa Diplome, mbuzi kwa Afande. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuupenda huo mji.

— Soma basi, Papa Anselme, alisema Ambasada. Una nini huo mji?

Anselme akafungua simu. Alikuwa ametumiwa picha na maelezo ya Kifaransa, akayageuza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

— Banasema kilikuwaka kijiji kidogo tu. Kisha baganga bakaanza kutuma bagonjwa kule, baoge mu bahari, bapone. Kisha treni ikafika, oteli zikajengwa mingi, na kazino. Na bagonjwa bengine balikuwa banakunywa ile maji ya chumvi.

— Hapana! Afande akaweka kikombe chini. Mimi nilikuwa Mogadishu na jeshi. Ile maji nilionja. Ng'ombe yangu akikunywa ile, mimi nalia.

— Afande, dawa yote ni kali, alisema Diplome. Papa Anselme, umwambie Mama Yvette hivi: ule muji wote ni hospitali. Nani anaogopaka hospitali?

— Yeye.

— Ruka hiyo, alisema Ambasada haraka. Picha nyingine.

Picha nyingine ilionyesha vibanda vya mbao vyenye magurudumu, vikikokotwa na farasi hadi ndani ya maji. Anselme akaeleza kwamba zamani wanawake wa kitajiri walikuwa wakiingia humo, wanavalia humo nguo za kuogea, kisha wanashuka majini polepole.

— Unaona sasa! Diplome akapiga goti lake. Bale bamama balikuwa banaogopa maji kuliko bibi yako! Mutu haogopi, atapelekwa na farasi ya nini?

Anselme akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hilo lilikuwa neno la kubeba. Alijiona akimwambia Gisèle, na Gisèle akijizuia kutabasamu.

Angeondoka hapo hapo, ingekuwa heri. Lakini akateremsha kidole kwenye simu.

— Na kuko hii. Daraja ya mbao, murefu sana. Inaingia mu bahari, kisha inaishia.

— Inafika wapi? aliuliza Ambasada.

— Haifiki fasi yoyote.

— Daraja lazima lifike.

— Hii haifiki. Batu banatembea mpaka mwisho, banaangalia maji, banarudia.

Mama Pulchérie mwenyewe akaacha kukoroga, akaja kuichungulia.

— Ile ni ya vita, alisema Afande. Askari nasimama mbele kabisa, natazama adui.

— Vita gani, na watoto wanakula barafu za sukari juu yake? alisema Ambasada. Mimi nawaambia. Walikuwa wanajenga kwenda Uingereza. Walipofika katikati, Uingereza ikakataa dosye yao ya maombi.

— Bafaransa? Bakataliwe?

— Kila mtu anakataliwa, Diplome. Mimi nimewaambia kila siku hamkusikia.

Hilo lilimgusa mwenyewe, akanywa kahawa yote kwa mkupuo. Diplome, kwa kumwonea huruma, akamwomba Anselme aendelee kusoma.

— Mu ile miezi ya baridi, oteli zinafungwa. Bageni banarudia kwabo. Muji unabaki kimya.

— Unafungwa? Mji? aliuliza Ambasada.

— Ndivyo banaandika.

Ambasada akasimama. Mtu huyu akisimama, jueni ukweli umekaa.

— Mzee, sasa nimeelewa kila kitu! Mji mzima mtupu, vitanda ndani, televisheni ndani. Wanahitaji nini? Walinzi! Ndiyo sababu wanabeba wakimbizi. Sisi tumezoea mahali pabaya. Papa Anselme, wewe utapewa tochi na filimbi, utalinda bahari!

— Na bunduki? aliuliza Afande kwa shauku.

— Bahari inalindwa juu ya nini? alisema Diplome.

— Juu ya wale walioanza daraja! Wanaweza kurudi!

Walikuwa wakipiga kelele kana kwamba kinu bado kinanguruma. Kilikuwa kimezimwa tangu lile neno la walinzi, na foleni yote ya unga ilikuwa ikiwasikiliza. Kutoka kwenye foleni akaja mwanamke na beseni la unga kichwani. Alikuwa Gisèle. Katika miaka yote aliyoishi kambini hakuwahi kulikaribia lile benchi. Akasimama mbele yao, akawaamkia wote vizuri, kisha akamtazama mumewe.

— Papa Yvette, miye niko na swali moja tu. Kule, usiku, ile bahari inasikikanaka mu nyumba?

Ambasada akaketi. Wote wakamgeukia Afande, kwa kuwa ndiye peke yake aliyewahi kulala karibu na bahari. Afande akavua kofia.

— Mama, kule Mogadishu usiku risasi ilikuwa mingi. Bahari, mimi hapana sikia.

Anselme alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa amemfichia mkewe ziwa nyuma ya kilima, akijisifu moyoni kwa werevu wake. Usiku ule wa kuvuka, giza lilikuwa zito, na Gisèle hakuona kitu. Alisikia maji tu. Na zile nyakati zote alizokuwa akiamka hapa Nakivale, upepo ukitoka ziwani, akaenda kuziba dirisha kwa kitenge, Anselme alidhani anazuia mbu.

— Sijui, alisema. Kesho kule Mbarara nitauliza ile mbele ya vyote.

— Na bakikuambia inasikikana?

— Tutabaki.

Neno hilo lilisikika mpaka kwa kinyozi. Baiskeli ilikuwa imewaponyoka, na viti, na mbuzi. Diplome akatazama viatu vyake. Ambasada, mtu ambaye angeuza shangazi yake apate ile baiskeli, akainuka, akamtua Gisèle beseni na kuliweka mahali alipokuwa amekaa yeye.

— Hata mahali mbali na maji wanaweza kumtafutia mtu, alisema taratibu. Uulize na hilo, Papa Anselme. Uende na baiskeli yako mpaka stendi, nitakusindikiza.

Mama Pulchérie akatikisa birika. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Akampa Gisèle, naye akakaa mwisho wa benchi, upande wenye jiwe, akakinywa chote bila haraka, na wale mabingwa wa bahari wakamngoja amalize.