Mdiria Asiye na Shahidi

Sogeeni wanangu, mnisikilize vizuri, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Kifunguamimba, funga huo mlango wa karakana, harufu ya gundi yako ya fremu isije ikanimaliza kabla ya siku yangu. Mwalimu, acha kulia; machozi yako nayajua tangu ukiwa mdogo, siku zote hulitangulia jambo lenyewe. Na wewe kitindamimba, kaa hapo miguuni pangu nikuone, usijibanze nyuma ya kaka yako. Bwana Koleo msimshangae, nimemwita mimi. Riziki yake ni kung'oa meno ya watu, lakini ndiye katibu wa chama chetu cha wachoraji wa viumbe tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nimemwambia aje na daftari la mashahidi. Liweke hapo juu ya shuka, Bwana Koleo. Zamu yake haijafika.

Naanza na vitu, kwa sababu najua ndivyo mnavyovingojea, na msiniangalie hivyo kama watu wa msibani, bado nipo. Karakana na misumeno yake yote ni ya kifunguamimba. Chukua, baba, ila ujue neno moja ambalo sikukwambia: pembe za fremu zako haziungani. Hazijaungana kwa miaka ishirini. Kila ulipokuwa ukiondoka kwenda kula, mimi nilikuwa napita nyuma yako na nta na kitambaa naziba nyufa, na watu walipokuja wakasifu kazi yako walikuwa wanasifu nta yangu. Sasa nta inakwenda kaburini. Jifunze kukata mbao.

Rangi zangu za maji na brashi zote nampa Mwalimu. Si kwamba unajua kuchora, mama. Maua yako yanafaa makopo ya biskuti, na nilikuacha uyatundike karibu na mlango wa choo kila mwaka kwa kuwa huko watu hupita haraka. Nakupa kwa sababu unajua kutunza vitu. Brashi nzuri ikikosa mchoraji, afadhali ipate mtunzaji.

Nyumba nitaisema mwisho. Nyumba ina sharti.

Ninyi mmekua mkiniona natoka kila Jumamosi asubuhi na kigoda begani, mkadhani mama anakwenda kujifurahisha. Mimi sikuwahi kujifurahisha pale hata siku moja. Nilikwenda kushinda. Tulikuwa watu ishirini na kitu, tunatembea hadi bwawani nyuma ya mitambo ya maji, kila mtu anatafuta mahali pake kwenye matete, tunakaa kimya na ubao magotini mpaka jua linapoanza kuchoma kisogo. Halafu tunarudi kwenye lile ghala la magunia tulilopewa, tunapanga karatasi zetu sakafuni, na kila mmoja anaeleza amemwona nani, wapi, saa ngapi. Mwaka mara moja tunapaka kuta chokaa, tunapiga misumari, tunafanya maonyesho. Aliyeanzisha yote haya ni Mzee Konokono, tulimwita hivyo kwa kuwa maisha yake yote alichora konokono tu, akisema ndio viumbe pekee wanaomsubiri amalize.

Yeye ndiye aliyeweka ile sheria. Hakuna picha inayotundikwa mpaka watu wawili wawe wamemwona yule kiumbe kwa macho yao: aliyemchora, na shahidi. Siku ya ufunguzi, mbele ya watu wote, shahidi anaulizwa, "Umemwona?" Akisema nimemwona, anatia sahihi kwenye daftari hilo hapo. Akikataa, picha haishushwi. Inageuzwa ikatazama ukuta, na inakaa hivyo wiki tatu nzima mpaka maonyesho yafungwe, ili kila apitaye aone mgongo wake. Mzee Konokono alipokufa uenyekiti ukaja kwangu, na mimi sikuilegeza sheria ile hata kwa unywele. Watu kumi na mmoja waliondoka chamani kwa ajili yake. Mmoja alikuwa mshona nguo, mjane wa watu, mpole kama maji ya mtungi. Alikutana na kakakuona akivuka njia alfajiri, akamchora vizuri mno, magamba yote mahali pake, lakini alikuwa peke yake. Akanishika mkono analia. Nikamwambia basi amlete kakakuona mwenyewe aje kutia sahihi. Watu walicheka, na mimi nilicheka, na yule mama hakurudi tena. Nipeni maji kidogo. Kidogo tu, sikusema nioge.

Sasa nakuja kwako, kitindamimba. Kaka yako na dada yako hawalijui hili vizuri, walisikia vipande. Leo walisikie lote, mficha uchi hazai.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa mimi na wewe pale kwenye bomba bovu la mitambo ya maji, bega kwa bega, wenzetu wote wakiwa upande wa pili wa bwawa. Akaja mdiria, ndege mvuvi ambaye kila mtu anamjua kuwa ni wa buluu, akatua juu ya bomba. Alikuwa mweupe pe. Mweupe kuanzia mdomo hadi mkia, macho mekundu. Alikaa muda anaoweza mtu kuhesabu hadi mia mbili, akajirusha majini, akatoka na samaki, akaenda zake, na hakuna aliyemwona tena mpaka leo. Sote tulikuwa tunachora.

Mimi nilifungua kopo la rangi nyeupe. Miaka ishirini ya kushika brashi, na nikapaka rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe! Nikaongeza, nikaongeza, mpaka karatasi ikavimba ikawa kama donge la ugali. Nikageuka kuangalia yako. Wewe hukumpaka chochote. Uliyapaka maji yaliyo nyuma yake, meusi, ukapaka matete, ukapaka kutu ya bomba, na pale katikati ukaiacha karatasi ilivyo, na ndege akawa amekaa pale anapumua. Ndege mweupe hachorwi, huachwa. Hakuna aliyekufundisha, mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Wanangu, mimi nilijua wivu wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake, nikajua wa jirani kwa jirani, lakini wa mama kwa mtoto aliyemzaa ulinipanda siku ile mpaka mdomo ukawa mchungu. Nilichana karatasi yangu nikaitupa majini. Nikakwambia, "Yako nzuri, mwanangu." Ukatabasamu.

Siku ya ufunguzi ulivaa gauni la dada yako. Chini ya picha uliandika: Shahidi, mama yangu mzazi. Ghala lilijaa, watu walikuwa wamesimama mbele ya yule ndege hawataki kuondoka, na picha zangu saba ziko peke yake upande wa pili kama zina ndui. Mzee Konokono akaniuliza kwa sauti yake ile ya polepole, "Mama, umemwona?"

Nikasema, "Sikumwona."

Nikaongeza, maana ulimi ukishaonja damu haushibi, nikasema, "Msichana huyu ana homa ya kutaka kusifiwa. Tangu mdogo anaota na kusema ameona." Na aliyeigeuza picha ukutani ni huyu Bwana Koleo. Usiinamishe kichwa, Bwana Koleo, ulifanya kazi yako. Ila hakuna aliyekumbuka kwamba zamu ya kufungua mlango na kulinda maonyesho mwaka ule ilikuwa ya kitindamimba. Wiki tatu, kila asubuhi, ulikwenda ukafungua mlango, ukaketi kwenye kiti chako chini ya mgongo wa picha yako, ukawaambia watu karibuni. Nilikuwa napita kuchungulia dirishani nione kama utakimbia. Hukukimbia. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ilipokwisha uliileta nyumbani, ukaikata vipande kwa mkasi wa jikoni, ukaitia kwenye jiko nami nikitazama. Hukunitukana. Tangu hapo hujashika brashi ila ile pana ya kupakia kuta za watu chokaa, na hivi sasa unavyonishika naona rangi imejaa chini ya kucha zako. Miaka ishirini na miwili. Unaniosha, unanilisha, unanigeuza ubavu huu na huu nisipate vidonda, na hujaniuliza hata mara moja kwa nini. Mtu asiyeuliza anatisha, wanangu. Nimekaa na mtoto huyu kama mtu aliyekaa na deni lisilo na karatasi.

Sasa fungueni sanduku lililo chini ya kitanda. Kifunguamimba, wewe una nguvu. Toa hiyo iliyofungwa kwa kanga... ndiyo. Ifungue. Isogeze dirishani.

Mnamwona?

Nilimchora miaka mitatu iliyopita, kabla mkono haujaanza kutetemeka. Nilimjaribu kila mwaka kwa siri, miaka kumi na tisa, na siku moja nikajifunza kumwacha. Hii ndiyo picha bora niliyowahi kuchora. Zile arobaini zilizokwisha kutundikwa kwa ajili ya Jumamosi, maonyesho ya kuniheshimu, mkizichoma zote sitajali. Huyu ndiye mimi. Msumari wa katikati, ukutani mkabala na mlango, nimeagiza uachwe wazi. Bwana Koleo anajua. Lakini sheria ni sheria, nimewafukuza watu kumi na mmoja kwayo, na siwezi kuingia kaburini nikiacha waseme mwenyekiti alijipendelea. Anatakiwa shahidi. Na duniani kote shahidi ni mmoja.

Haya, nyumba. Nyumba hii, vyumba vyake vinne na ua wake, ni yako kitindamimba, na hawa wawili wasikusumbue, hati ipo kwa Bwana Koleo. Sharti lake ni moja tu. Utatia sahihi. Usipotia, nyumba inakuwa ya chama, waifanye ukumbi wa maonyesho, na wewe utafute pa kulala. Mwalimu, nyamaza! Sijakuuliza. Najua si haki. Haki ningeitaka ningemwita hakimu, nimemwita mng'oa meno.

Fungua daftari, Bwana Koleo. Muulize kama inavyoulizwa. Mwonyeshe picha... shikeni vizuri, msiweke vidole kwenye karatasi. Muulize.

Unaona, nilijua utaitazama kwa muda mrefu. Tazama. Tazama hapo chini ya mdomo, nilivyoacha ule ukingo mwembamba. Ni yeye, sivyo? Ni asubuhi ile ile. Unatabasamu... Sijaliona tabasamu hilo tangu siku ile. Mpe kalamu, Bwana Koleo, mpe.

Umesemaje?

Rudia, sauti ya maji imejaa masikioni mwangu.

"Sikumwona."

...

Hapana, msimpigie kelele. Kaka mtu, kaa chini. Amejibu. Ameulizwa mbele ya watu, amejibu. Hata sauti ni yangu, mnaisikia? Alivyotulia. Mimi niliongeza maneno siku ile, yeye hakuongeza hata moja. Amenishinda na hapo pia. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, mimi nani nimlaumu?

Andika, Bwana Koleo. Shahidi amekataa. Jumamosi mtaitundika msumari wa katikati, na mtaigeuza. Uso ukutani. Wiki tatu. Watakaouliza wakaambiwe ni ya mwenyekiti. Na nyumba... nyumba iende chamani. Nimesema. Usinitazame hivyo, binti yangu, ulilijua sharti kabla ya kufungua kinywa, na mimi nalijua neno langu. Tumelipana. Hakuna anayemdai mwenzake.

Hewa imekuwa nzito... Nizikeni na kigoda changu, kile chenye mguu uliofungwa waya. Msiniwekee maua, Mwalimu atataka kuyachora. Mwiteni yule mshona nguo, kama yu hai, mwambieni... mwambieni kakakuona alikuwa na magamba mazuri. Basi. Kifunguamimba, Mungu akupe jicho la kuona ufa. Mwalimu, Mungu akupe... akupe watoto wengi darasani, wakupende, wewe unapendeka. Na wewe... wewe baraka utapewa na mwingine. Yangu ingekuunguza.

Nigeuzeni. Huku nimechoka. Hapana, huku, upande wa ukuta. Nani ana mikono baridi hivi? Ni wewe. Najua kucha zako. Polepole... hivyo. Sasa naona chokaa tu. Chokaa yako hii, uliipaka mwaka jana... haina hata alama ya brashi.

Mko wapi? Semeni basi.

Mwanangu... ulimwacha vizuri. Wangu amefanana naye, lakini... wako alikuwa anapumua.

Bwana Koleo. Hilo usiliandike.