Swali la Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Maswali, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu fundi cherehani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na tangu alipoanza kutamka maneno hakuna aliyeketi naye akaondoka bila kuhojiwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari ya wasichana 1976, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, alikohitimu tarehe 28 Novemba 1980. Aliajiriwa kliniki ya watoto, na Januari 1994 akahamishiwa kitengo cha afya ya shule, ambako alizunguka na mkoba wa madodoso yenye maswali arobaini kuhusu tabia za mtoto, kila swali likibeba alama sifuri hadi mbili, mzazi akijaza lake na mwalimu lake, na mtoto aliyefikisha alama thelathini alipelekwa kwa daktari achunguzwe usonji.

Alifunga ndoa tarehe 5 Oktoba 1985 na fundi redio, mtu mpole aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mwaka 1987 na kijana mwaka 1990.

Sasa lipo jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, ingawa sisi tulimsihi aliache. Mei 1998, kijana akiwa na miaka minane, mwalimu wake alijaza dodoso likatoa alama hamsini na moja, marehemu akajaza la mzazi likatoa tisa, akaweka la kwake kwenye faili na la mwalimu akalifungia kabatini. Hakukusudia kudanganya, maana palipoulizwa kama mtoto huchachamaa ratiba ikibadilika alijibu hapana, na kweli nyumbani mwake ratiba haikubadilika hata siku moja, kikombe kilikuwa kilekile, njia ileile, lebo za mashati zote amezikata kwa wembe, mama wa watu akimsafishia mwanawe njia tangu anapoamka. Shuleni hakukuwa na wa kumsafishia, na kwa miaka minne kijana alichapwa kwa kuitwa mkaidi, akafungiwa stoo, akaacha kabisa kusema na watu wa nje.

Mwaka 2002 binti alichomoa dodoso tupu mkobani, akalijaza yeye kama dada, akajumlisha kama alivyozoea kumwona mama akifanya, akamwekea mezani likiwa na alama arobaini na tisa. Marehemu alikaa sakafuni jikoni, akalia mpaka sauti ikamkauka, na wiki ileile akampeleka kijana kwa daktari. Hakujisamehe kamwe kwa ajili ya miaka ile minne, tusifichane. Tangu hapo, kila dodoso lililopita mikononi mwake aliliongezea kwa kalamu nyekundu swali la arobaini na moja, unamfanyia nini mtoto huyu ili haya yasionekane, wakubwa wake wakamfokea kwamba anaharibu fomu za ofisi, naye akanunua kalamu nyingine.

Alistaafu mwaka 2019. Agosti 2023 alianza kusumbuliwa na ini, akalazwa mara tatu, na wiki yake ya mwisho wodini alijibu swali lake mwenyewe kuhusu kijana, kurasa nne kwa mwandiko unaotetemeka, akamkabidhi binti, na Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani mliotupikia, wenzake wa kitengo, na mwalimu yule wa mwaka 1998, aliyeona mapema, na ambaye amekuja leo.

Kijana ameketi safu ya mbele, tangu jana ameelezwa nini kitafanyika na saa ngapi, kama ukurasa wa kwanza unavyoagiza, na lebo ya shati lake dada yake ameikata asubuhi, hivyo tunawaomba msimshike mkono wala kumkumbatia, mwambieni tu kwa sauti ya chini kwamba mnaondoka. Dada yetu, kurasa zote nne tumezisoma, sasa ni zamu yetu, wewe pumzika.