Shangazi na Majani Yanayopumua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuamka kabla ya jua, mkuu wa kitengo chetu cha miche, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini.

Wageni kazini walidhani ni mtu wa mapambo, maana alinukia rangi ya kucha kutwa nzima. Kumbe kucha zake mwenyewe zimejaa udongo! Rangi hiyo, ile isiyo na rangi, aliipaka upande wa chini wa jani, ikikauka akaibandua kwa selotepu na kuitazama kwa hadubini. Hapo vilionekana vitundu vya jani, kila kimoja na midomo yake miwili, vingine wazi, vingine vimefumba. Alikuwa akikaa pale hadi chai ipoe, akitabasamu peke yake kama anayetazama watoto waliolala.

Mwaka wake wa kwanza aliboronga. Ukame ulibana, naye akaipaka miche mafuta ya mgando chini ya majani ili maji yasipotee. Kweli hayakupotea. Lakini hewa ambayo jani hujipikia chakula nayo ikakosa pa kuingilia, miche ikageuka njano na kufa njaa ilhali udongo umelowa. Kisa hicho humsimulia kila mwajiriwa mpya, akijicheka hadi machozi.

Ndiyo maana pampu ilipoharibika mwaka juzi, tukabaki na tangi moja, hakubabaika. Alitandaza vivuli, akamwagilia alfajiri, na adhuhuri akaiacha miche ifumbe vitundu vyake yenyewe. Asubuhi vioo vya banda letu la miche vilijaa ukungu wa pumzi za majani. Yeye alisimama katikati, macho kayafumba, nasi tukanyata kana kwamba tumeingia katika ndoto ya mtu. Karibu miche yote ilipona.

Mumewe alipofariki mwaka jana, Shangazi alianza kuondoka bila kuaga, na nyumbani hakumfungulia mtu. Tuliogopa. Bado tunaogopa, kwani banda hili ndilo lililokuwa likimtoa nje kila siku. Wiki iliyopita fundi wetu wa pampu alimwambia hivyo waziwazi. Shangazi akatuomba jambo ambalo hajawahi kuliomba: tusimwache peke yake.

Shangazi, asante kwa mikono yako na kwa subira uliyotuambukiza. Ombi tumelisikia. Tunakuombea siku njema na nyingi, na Jumapili tunakuja sote, pamoja na fundi pampu, ambaye unajua anavyokula. Bandika sufuria kubwa.