Ukuta wa Bi Sindano

Sogeeni wanangu, vuteni viti. Na wewe mkubwa wangu acha kuchungulia dirishani, huyo fundi uliyemwacha nje na nyundo yake hataota mbawa, atangoja. Niongezeeni mto mgongoni. Leo nina maneno ya kuwaachia na nataka niyaseme kwa mkupuo mmoja kabla pumzi haijanikatikia, kwa hiyo nikikosea msinikatize, nikisahau nikumbusheni, na nikirudia jambo vumilieni, kwa sababu tangu homa hii inishike kichwa changu kimekuwa kama droo ya misumari, kila ninachokitafuta kimo humo lakini mkono unatoka na kingine.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, sawa kwa sawa, asitokee wa kusema yeye ndiye mkubwa wala wa kusema yeye ndiye aliyeniuguza. Randa zangu, misumeno, patasi na meza ya useremala ni vya kitindamimba, maana ndiye pekee aliyewahi kuvishika bila kulazimishwa, ingawa hajui kunoa na sina hakika kama atakuja kujua. Binti yangu, kabati la mama yenu ni lako, na usimruhusu mtu alipake rangi. Ngazi iliyoegemezwa nyuma ya choo si yetu, ni ya jirani mwenye duka la viatu, niliiazima kwake nikitengeneza paa na kila nikitaka kuirudisha najikuta nina kazi nyingine ya juu; mpelekeeni na mniombee radhi. Baba yenu mdogo, ambaye hakuja kumzika mama yenu, nilishasema asikanyage kwenye maziko yangu. Sasa sijui. Hasira nilikuwa nayo ya kutosha, lakini nikiitafuta siioni nilikoiweka. Akija mpeni kiti akae, asipokuja msimfuate.

Yaliyo mazito ndiyo haya sasa, ya Bi Sindano.

Najua mkubwa wangu ukisikia jina hilo uso unakukunjamana. Kunja tu, lakini sikiliza. Mshonaji huyu aliingia humu mama yenu akiwa mzima, binti yangu ukiwa ndiyo kwanza umekwenda kusomea uuguzi, chumba chako kikabaki kitupu, na mama yenu akasema chumba kisicholala mtu kinafuga mende, tutafute mtu wa heshima akae. Akaja yeye na cherehani yake na sanduku moja, na ile tabia yake ya kuongea amebana sindano kwenye meno, ndiyo maana mkampachika jina hilo. Jina lake hasa nilikuwa nalijua. Litarudi.

Akakaa nasi ndani. Mlango wa chumba chake ulifungukia hapa sebuleni, mlango niliouchonga kwa mikono yangu, na akitaka kwenda jikoni alipita hapa hapa kati yetu, akapika kwenye jiko la mama yenu, akaoga kwenye bafu letu, na taarifa ya habari ikianza naye yumo, anawatania kwa mikunjo ya suruali zenu. Mama yenu aliingia chumbani kwake wakati wowote, kufagia, kuchukua uzi, kutafuta mkasi uliopotea. Kodi alilipa. Sisi tulimwita mpangaji, majirani walimwita mpangaji, nami mpaka mwaka huu nilijua mpangaji ni mpangaji, hakuna wa namna mbili.

Mama yenu alipoondoka, watu wakaanza kutuzungumza. Mjane mwanamume na mwanamke asiye na mume chini ya paa moja, jiko moja, mnafikiri watu wangenyamaza? Mkubwa wangu, wewe ndiye uliyeletewa maneno hayo kazini kwako, na wakakutilia chumvi mpaka ukashindwa kula. Nakumbuka ulikuja na mifuko ya saruji kwenye gari lako, ukamleta fundi, ukaung'oa mlango wangu, ukajenga tofali mahali pake, halafu ukatoboa ukuta wa upande wa uchochoroni na kumwekea Bi Sindano mlango wa chuma. Ukamjengea na bafu dogo na jiko dogo nje kule, ukamkabidhi funguo zote, hata wa akiba, ukasema, "Baba, sasa mtu atatafuta la kusema atalikosa." Sikukupinga. Ulikuwa unalinda heshima ya baba yako, na nilijisikia fahari, kwa kweli nilijisikia fahari, huku nimeshika mlango wangu sijui niuweke wapi.

Haya, sasa hapa ndipo panaponichanganya. Nipeni maji kidogo.

Kitindamimba alinipeleka kwa wakili, yule kijana mwenye ofisi juu ya duka la dawa, kwa mambo ya hati ya nyumba. Nikamwambia kwamba mkubwa wangu anataka nikishaondoka nyumba hii igeuzwe maduka, na chumba kimoja kina mtu, sasa mtu huyo atatokaje? Nilidhani ataniuliza anaitwa nani na amekaa muda gani. Akaniuliza anaoga wapi. Nikamtazama. Akaniuliza anapika wapi, ufunguo wa chumba chake anao nani, na je mimi mwenye nyumba naweza kuingia mle nitakavyo. Nikasema moyoni huyu kijana ni wakili au mpelelezi?

Akanieleza kwa upole, nikaelewa. Alisema sheria inatenga watu wawili ambao sisi tunawaita kwa jina moja. Kuna mtu anayekaa ndani ya nyumba ya mwenyewe, wanachangia jiko na bafu, na mwenye nyumba anaingia na kutoka chumbani kwake bila kizuizi. Huyo ni mkaaji wa ndani tu, na mwenye nyumba akimchoka anamwambia tafuta pengine, anampa muda wa kiungwana, basi, hakuna kesi ndefu. Na kuna mpangaji kamili, mwenye sehemu yake iliyojitenga, mlango wake, ufunguo wake, na hata mwenye nyumba hapiti bila idhini. Huyo hatolewi hivi hivi. Apewe notisi ya maandishi, muda wake utimie, na akigoma kutoka hakuna wa kumtoa ila mahakama. Kumbadilishia kufuli ni kosa, kumkatia maji ni kosa, kumtolea vitu nje ni kosa. Nikasema nimeelewa. Nikateremka ngazi za ofisi ile nimeelewa. Kwenye kituo cha basi bado nilikuwa nimeelewa. Kufika hapa nikasimama mbele ya ukuta huu, nikawa sielewi tena.

Kwa sababu, mwanangu mkubwa, Bi Sindano wa enzi za mama yenu alikuwa mkaaji wa ndani. Ungetaka aondoke, ungemwambia tu. Aliyemgeuza kuwa mpangaji kamili ni wewe, kwa saruji yako mwenyewe na fundi wako mwenyewe, ulipokuwa unamsukuma atoke katikati yetu. Usiinamishe kichwa, sikulaumu. Nashangaa tu. Nimeshangaa mpaka nimechoka.

Nyinyi mmelijua hilo kwa kitindamimba, mdomo wake haujawahi kuwa na kitasa, na ndiyo maana leo kuna fundi nje. Mkubwa anataka ukuta ubomolewe kabla sijakata roho, mlango wangu urudi, ule wa chuma uzibwe, ili nikizikwa Bi Sindano awe mtu wa ndani kama zamani na aambiwe afungashe. Nikampigia wakili simu. Akaniambia kwamba mkibomoa ukuta huo bila ridhaa yake mtakuwa mmevamia nyumba ya mtu. Nikamwambia, bwana wakili, nyumba ni yangu. Akasema ndiyo mzee, ni yako. Nikamwambia basi navamiaje? Akasema ni yako lakini kule ndani ni kwake. Nikamuuliza, na mimi nikifa, nyumba ikawa haina mwenyewe ndani, huyo wa ndani anakuwa ndani ya nani? Akaanza kueleza, nikaisikia sauti yake inakwenda na kurudi, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mpaka sasa sijarudi.

Mama yenu angejua la kufanya. Mama, eti... hapana, wewe ni binti yangu. Nisamehe, umekaa kama yeye.

Nilimuuliza wakili swali moja ambalo hakulijibu sawasawa. Nilimuuliza lipi ni bora kwa mtu, haki au kuwa ndani. Akasema kwa huyo mama, bila shaka ukuta ni faida. Sawa. Lakini siku tofali la mwisho lilipokaa, nilimkuta uchochoroni amekaa juu ya sanduku lake na ufunguo mpya mkononi, analia, na nilipomuuliza analilia nini akasema ni vumbi la saruji. Tangu siku hiyo akipika kitu akataka kunionjesha, anazunguka nyumba nzima na bakuli limefunikwa, anasimama mlango wa mbele kama mtu aliyekuja kuuza. Na mimi, nikitaka kumwambia kwamba kifungo cha shati kimetoka, nazunguka vivyo hivyo, na goti hili.

Na siku niliyoanguka bafuni, hili sikuwaambia, mniwie radhi. Mlijua kitindamimba ndiye aliyeniokota. Lakini Bi Sindano alikuwa amenisikia tangu nilipoanguka. Cherehani ilinyamaza, akaniita, nikaitika. Alizunguka mbele, mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, akarudi kwake, akawa anaongea nami kupitia ukuta, ananiambia nisilale, nimsimulie milango yote niliyowahi kuitengeneza, na nikamsimulia, mpaka kitindamimba aliporudi kutoka kazini na ufunguo wake. Zamani angefika kwa hatua chache. Sasa alikuwa na haki zake zote na hakuweza kunifikia.

Mnataka kujua kama nilikuwa na lolote naye. Sikuwa nalo. Nilimzoea. Nilizoea mtu kupita hapa sebuleni na kusema jambo lisilo na maana huku amebana sindano. Nimemkosa, na ni upande wa pili tu wa tofali, na sioni aibu kulisema hilo mbele yenu.

Basi sasa niwaambie nini? Nikisema bomoeni, nimempokonya kitu pekee kinachomzuia kutupwa nje. Nikisema msibomoe, nimemwacha kule. Usiku ninasema bomoeni, asubuhi nasema acheni. Wanangu, mimi baba yenu niliyepima milango maisha yangu yote bila kukosea, hili nimelipima mpaka uzi umeniishia.

Lakini haya yashikeni, haya sina shaka nayo. Kufuli lake msiliguse. Maji msimkatie, wala msipandishe kodi ili akimbie mwenyewe. Mkitaka maduka yenu, andikeni notisi, mumpe muda wa kweli, na akikataa nendeni mahakamani mkaseme mbele ya watu wazima. Mkubwa wangu, toka umwambie fundi aende nyumbani. Mlipe usumbufu wake. Nenda, tunakungoja.

Vizuri, umerudi. Fundi amekwenda?

Sasa ndiyo ninaona jambo, tazameni jinsi ugonjwa ulivyonifanya mjinga. Tumemjadili mtu tangu tulipokunywa chai, aondoke, abaki, awe wa ndani, awe kamili, na yeye yupo hapo nyuma ya ukuta anashona, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anataka nini. Nibebeni. Ndiyo, na kiti changu hiki, mnipeleke kwake. Binti yangu, najua unachotaka kusema, wewe ni muuguzi, nimekusikia kabla hujasema. Nibebeni.

Polepole kwenye kizingiti. Kitindamimba, inua upande wako. Hivyo. Jua kali. Hapa uchochoroni pamekuwa pembamba au ni mimi nimepanuka? Msinichekeshe, mbavu zinauma.

Mungu awahifadhi wanangu. Awape riziki isiyo na ugomvi ndani yake. Mkubwa, awe nawe, una moyo mzuri na mkono mwepesi, uupunguze wepesi. Binti yangu, akulipe kwa kila usiku. Na wewe kitindamimba wangu, jifunze kunoa. Radhi zangu mnazo nyote, sina kinyongo, sina... ngoja nipumue. Wekeni kiti chini. Hapa hapa, mbele ya mlango wa chuma.

Mkubwa, wewe ndiye ubishe. Si mimi, mkono wangu hausikiki. Sema hodi, na useme jina lako, aseme mwenyewe kama tuingie. Tukikaribishwa tutamuuliza. Akitaka ukuta ubaki, utabaki. Akitaka mlango wangu urudi, urudi na ufunguo ubaki wake, na mmwite wakili aandike hivyo. Akisema hataki kutuona, tutarudi tulikotoka na hapatakuwa na neno.

Bisha.

Amesimamisha mashine. Nimesikia kiti. Anakuja... au hajaja, sijui, masikio yangu nayo. Hapana, usiusukume mwanangu. Toa mkono. Ngoja akukaribishe.